MATONE MATATU! Na bado kuna watu humu wanamtetea

Shimei Mkali
Wakuu wa riwaya za Kichina za mtandaoni, zile za watu wanaofanya mazoezi ya kiroho ili wasife, shujaa wa hii tunayoisoma simtaji jina. Mnamjua. Joho jeupe, upanga wa barafu, uso mkavu kama ukuta wa benki. Sura ya jana imetoka na povu nililonalo linatosha kufulia majoho ya madhehebu yote ya mlimani.

Damu ya moyo. Matone matatu. Ya MKE WAKE. Kwa ajili ya shimei, yaani dada mdogo wa madhehebu, anayekohoa.

Tuelewane mapema, maana wapo watakaokuja na "si damu tu jamani". Damu ya moyo haitolewi kidoleni. Ndiyo inayobeba mazoezi yote ya mtu, na haipatikani mpaka kifua kichomwe. Ikitoka, mtu wa ngazi ya Jindan, kiini cha dhahabu, kiini chake kinapata ufa. Kiini chenye ufa hakivuki kwenda Yuanying, ngazi inayofuata: radi ya majaribu ikishuka inapita hapohapo penye ufa, anabaki majivu. Kwa hiyo yale si matone, ni umri wa mtu. Na wakati anamchoma anasema, "Vumilia kidogo." KIDOGO!

Halafu kwenye pete yake ya hifadhi, ile ya kichawi ya kubebea mizigo, umo ule uyoga wa lingzhi wa miaka elfu, alioununua mnadani sura ya 290, unaotibu sumu hiyohiyo ya baridi inayomkohoza shimei. Mwandishi kasahau, sisi hatujasahau. Akaziba kichupa cha jade taratibu, kama muuza asali, akavua joho, akamfunika shimei. Mke yuko sakafuni anavuja. Joho. Kamfunika. SHIMEI.

Nawasilisha.

Mzee wa Zhuji
Punguza povu. Lebo iko pale tangu sura ya kwanza: zhuiqi huozangchang, kumfukuzia mke hadi tanuru la kuchomea maiti. Ulitegemea fungate? Asipokuwa mnyama nusu ya kwanza, nusu ya pili atajutia nini? Subiri: mke ataruka kutoka Jukwaa la Kuulia Wasiokufa, jamaa atapata mvi kichwa kizima kwa usiku mmoja, atapiga magoti kwenye theluji siku tatu, kisha atatokea mtoto wa miaka mitano, sura ileile ya baba.

Kidonge Daraja la Tisa
Huyo shimei ndiyo chai ya kijani yenyewe, mwanamke anayejifanya malaika, haina hata sukari. Hesabuni vikohozi: akiwa peke yake, sifuri. Kivuli cha shixiong, kaka mkubwa wa madhehebu, yaani huyo mume, kikigusa mlango, damu, leso, "usimlaumu shijie (dada mkubwa, yaani mke), kosa ni langu". Leso iko tayari saa nane usiku!

Shimei Mkali
MATONE MATATU. Tusihame mada.

Mwalimu Mkavu
Ugonjwa wa huyo mume unaitwa baiyueguang, mwanga mweupe wa mwezi: kumwota yule usiyempata. Msemo unatoka kwa mwandishi Zhang Ailing, 1944: mwanaume ana mawaridi mawili. Akioa jekundu, siku zikienda linakuwa damu ya mbu ukutani, na jeupe linabaki mwanga wa mwezi mbele ya kitanda. Akioa jeupe, linageuka punje ya wali iliyoganda kwenye nguo. Dawa ni kumwozesha huyo shimei. Wiki mbili tu, wali.

Kidonge Daraja la Tisa
Wa nazi au mkavu?

Bi Siki
Nyie mnalilia damu, sisi wa tafsiri za mashine tuseme nini? Kichina ukila siki, chi cu, una wivu. Mashine inaleta "Bwana alikula siki hadi alfajiri". Kofia ya kijani ni mke kuchepuka; mashine inamvika jamaa kofia kweli, unabaki kutafuta alipoinunua. "Laozi", ile "mimi" ya kijeuri, inakuwa "baba mzee", ghafla mtu ana mtoto. Tena Kichina kinapenda kumwacha mtenda bila kumtaja, na Kiswahili chetu ni "yeye" kwa wote, ila tafsiri inapitia Kiingereza, kinacholazimisha jinsia. Hapo katikati ndipo shixiong anapopata mimba.

Pete Tupu
Afadhali yenu. Njooni upande wa riwaya za wasomaji wanaume: bwana ana wake saba, wa tatu kajifungia pangoni kufanya mazoezi tangu sura ya 600 na hakuna anayemuulizia. Mnada sura ishirini: bei inapanda, umati unavuta hewa ya baridi kwa mshangao, kijana tajiri anatukana, bei inapanda. Msomaji analipia kila herufi 1,000, ndiyo mtindo tangu tovuti ya Qidian ianze kutoza 2003. Kila hewa ya baridi ina bei yake.

Mzee wa Zhuji
Wa tatu si yule wa ukoo wa feniksi?

Shimei Mkali
Kwani damu ya moyo hamuioni???

Pete Tupu
Wa tatu ni mwenye tanuru la vidonge. Feniksi ni wa tano. Kuna mwenye orodha kamili?

Bi Siki
Ninayo, ila ya mashine. Humo wa tano ni mwanaume.