Tupeane uzoefu: umetoka kazini hoi, riwaya unaiandika saa ngapi?

Mtoa mada, Nkuhungu

Ndugu zangu wasomaji na waandishi, salamu kutoka Dodoma. Mimi ni karani wa masijala katika mojawapo ya ofisi za serikali zilizoko Mtumba, na huu ni mwaka wa tatu naandika riwaya moja ambayo hadi leo haijavuka ukurasa wa 140. Nimeleta mada hii ili tusimuliane tulivyofanya wenyewe, si tulivyosikia kwamba yafaa kufanywa, maana ushauri wa "amka mapema" nimeshaupata wa kutosha kujaza jalada zima, na wengi walionipa hawapandi daladala mbili kufika kazini.

Nianze mwenyewe. Natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, nabadili gari mjini, kisha nasafiri tena kilomita kama 17 ili saa 1:30 asubuhi inikute nimekwisha kuketi. Kazi yangu si ya kubeba zege. Napokea barua, nazipa namba ya folio, nazifunga kwenye majalada, nawapelekea maofisa, kisha nayafuata majalada yanapochelewa kurudi. Kwa mujibu wa ratiba siku huisha saa 9:30 alasiri, ila kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge linapokuwa katika mkutano wa bajeti, maswali ya wabunge hutafutiwa majibu hadi usiku, na mara nyingi jibu limo ndani ya jalada ambalo mimi ndiye ninayejua lilipo. Katika miezi hiyo sijawahi kuandika hata aya moja, na nimeacha kujilaumu kwa hilo.

Hata hivyo uchovu wa mwili naweza kuvumiliana nao. Kinachonisumbua zaidi ni lugha. Mtu anayeshinda akisoma "tafadhali rejea kichwa cha habari tajwa hapo juu" hurudi nyumbani sentensi hizo zikiwa zimemganda ulimini. Mwaka juzi niliandika ukurasa ambamo kijana mmoja wa Kigogo anamfungulia moyo binti anayempenda, na asubuhi yake nilipousoma nikakuta amemwambia, "Kwa kuzingatia hayo niliyoeleza, naomba uridhie tukutane Jumamosi." Nilicheka peke yangu, kisha nikaingiwa na huzuni, kwa sababu usiku ule wakati naandika niliyaona kuwa maneno mazuri kabisa.

Dawa niliyoipata ni kusoma kabla ya kuandika. Katika gari la kurudi nasoma kurasa kumi za riwaya yoyote yenye mazungumzo mengi, nikitikisa midomo kama mtu anayesali, ili nifike nyumbani nikiwa na sauti nyingine masikioni. Baada ya chakula, kuanzia saa mbili hadi saa tatu usiku, siku nne za juma, naandika nusu ukurasa. Kwa hesabu ya karatasini hizo ni kurasa 104 kwa mwaka, lakini ukiondoa Bunge, misiba, homa na umeme unapokatika, nimekuwa nikipata chini ya nusu yake. Kilichoondoka ni kwaya. Niliimba besi kwa miaka tisa, na mazoezi yalikuwa saa hizo hizo.

Kwa hiyo nawauliza mambo mawili tu: saa yako uliipata wapi, na uliacha nini ili uipate?

Muuguzi wa zamu

Ndugu mtoa mada, una bahati ya kuwa na saa mbili usiku inayokaa mahali pake. Sisi tunaofanya kazi kwa zamu, juma hili asubuhi, lijalo jioni, linalofuata usiku, hatuna saa inayoweza kuitwa yetu. Nilijaribu kupanga ratiba nikaibandika ukutani, na baada ya mwezi mmoja nikaibandua kwa sababu kila nilipoipita ilikuwa kama inanidai.

Nitasema ukweli ambao waandishi wengi hatupendi kuutamka: kwa miaka miwili sikuandika kitu. Nilisoma tu, na hata kusoma kwenyewe kulikuwa kwa shida, kwa sababu ukitoka zamu ya usiku unaweza kusoma ukurasa mmoja mara tatu na usijue nani amemjibu nani. Nilichofanya ni kurudia riwaya nilizokwisha kuzisoma. Watu huona kurudia kitabu ni kupoteza muda, lakini kichwa kilichochoka hakiwezi kubeba wahusika wapya kumi na wawili. Kinaweza kukaa na wale wa zamani, na kwa kuwa tayari unajua mwisho, unaanza kuona namna mwandishi alivyoupika. Nadhani miaka hiyo miwili ilinifundisha ufundi kuliko ile niliyokuwa naandika.

Sasa natembea na kijitabu kwenye mfuko wa sare, pamoja na mkasi na kalamu mbili. Habari za mgonjwa siziandiki humo, wala sitaziandika hata kwa kubadili jina, kwa sababu siri ya mgonjwa si mali yangu. Naandika vitu. Jinsi fundo la pembe ya khanga lilivyo gumu kufunguka vidole vinapotetemeka. Sauti ya gurudumu moja la kitanda ambalo halijawahi kutiwa mafuta. Baada ya miezi sita nilikuwa na fundo, gurudumu na vitu vingine kama thelathini, na mhusika akajitokeza katikati yake bila kuitwa.

Kuna kosa moja nililofanya ambalo napenda mwenzangu yeyote aliepuke. Niliambiwa nijirekodi kwa simu nikiwa natembea kurudi nyumbani asubuhi, na siku moja nikasimulia sura nzima, dakika arobaini, nikiona kwamba sijawahi kusimulia vizuri namna ile. Simu ilikuwa ndani ya mkoba. Nilipoisikiliza nilikuta bajaji, bajaji, mtu anauza maandazi, kisha bajaji.

Kuhusu nilichoacha, niliacha kuwajibu watu ujumbe siku hiyo hiyo. Wapo waliokasirika.

Mwalimu, Mpwapwa

Mimi natofautiana kidogo na mtoa mada. Kuandika kila siku, au hata siku nne za juma, hakukunifaa. Nafundisha Kiswahili sekondari, na nikiwapa wanafunzi wangu insha moja tu, daftari zinazorudi mezani zinazidi 180. Baada ya kusahihisha kosa lile lile mara 180, usiku huo huo siwezi kuiamini sentensi yangu mwenyewe; naisoma nikiwa na kalamu nyekundu kichwani, naikata kabla haijafika kwenye nukta.

Kwa hiyo naandika likizo tu, Juni na Desemba, kurasa nne hadi tano kwa siku, kuanzia alfajiri mpaka jua linapoanza kuchoma bati. Ubaya wa njia hii ni kusahau. Katika mswada wangu wa kwanza, mjomba wa mhusika mkuu alifariki mwezi Juni, akazikwa vizuri na matanga yakaanuliwa, na mwezi Desemba akawakaribisha wageni mlangoni huku akiulizia mvua. Aliyeligundua ni mwanafunzi wangu wa zamani niliyempa asome, naye kwa adabu akaniuliza, "Shikamoo mwalimu. Samahani, huyu mjomba ni mwingine?" Tangu hapo, siku ya mwisho ya likizo siandiki riwaya. Najiandikia barua: nani yuko hai, nani ana deni la nani, ni msimu gani, na sentensi gani nilikuwa nataka kuiandika kesho yake. Barua hiyo huwa ya kurasa tatu, na bila hiyo juma zima la likizo inayofuata hupotea nikijitafuta.

Kilichonisaidia kumaliza, na si kuanza, ni tarehe ya mwisho iliyowekwa na mtu mwingine. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, hupokea miswada kwa muda maalumu, na muda ukipita umepita. Sikushinda. Lakini mswada uliokuwa umelala miaka minne ulikamilika kwa juma tano, jambo ambalo nisingeliamini kama ningesimuliwa.

Niongeze jambo moja kwa kuwa niko Mpwapwa. Wenzangu kazini hupenda kunikumbusha kwamba Shaaban Robert naye alikuwa mwajiriwa wa serikali, tangu 1926 akiwa karani wa forodha, na kwamba katika miaka ya 1940 alihamishiwa hapa hapa kwetu, kwenye idara ya mifugo. Ni kweli, na nikipita upande wa vilima huwa namfikiria mtu yule akiwa mbali na pwani yake, mchana akihesabu habari za ng'ombe na usiku akihesabu mizani za shairi. Ila naomba tusimtumie kama fimbo ya kuchapiana. Nikimfikiria vizuri, kinachonigusa si kwamba aliweza, bali ni kwamba alistahili kupewa muda, na hakupewa.

Fundi ujenzi, Nala

Habari zenu wakubwa. Nimesoma ya karani, ya dada muuguzi na ya mwalimu, nikaona wote kazi inawachosha kichwa. Mimi hunichosha mikono na mgongo, kichwa hakiguswi. Ukishapiga kamba na kusawazisha kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali, mikono inaendelea yenyewe, na kati ya tofali na tofali mtu unaweza kutunga maneno ukayageuza mpaka yakae. Saa yangu ya kuandika ni saa ya kazi. Tatizo langu ni kuyafikisha kwenye karatasi, kwa sababu jioni saruji imekwisha kunichimba ncha za vidole, kalamu inateleza na kuuma.

Zamani nilikuwa nachana mifuko ya saruji, ile karatasi ya ndani isiyochafuka, na wakati wa chai naandika juu yake kwa penseli ya kupimia mbao. Penseli hiyo ni bapa na nene, kwa hiyo maneno yanakuwa makubwa kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na karatasi moja inabeba sentensi sita au saba. Nilikuwa nazikunja na kuziweka chini ya tofali kavu kwenye kivuli. Siku moja saidia fundi wetu alifika mapema, kulikuwa na baridi ile ya Julai yenye upepo, akatafuta cha kuwashia moto. Sura yangu ya nne ilichemsha chai ya watu saba. Kijana hakuwa na kosa, maana nani angedhani karatasi ya saruji ni riwaya? Niliinywa chai nikiwa kimya.

Siku hizi nina daftari ndani ya mfuko wa nailoni, na siandiki sentensi nzima. Naandika neno la kwanza na la mwisho la kila sentensi niliyoitunga mchana, na Jumapili naketi kuzijaza katikati. Zinazokataa kurudi naziacha. Nimeona mara nyingi zinazokataa hazikuwa nzuri.

Vitabu vya kusoma nilikuwa naazima maktaba ya mkoa, hadi site zikahamia mbali na mji, nikawa nikifika mlango umekwisha kufungwa. Sasa mke wa kaka yangu, ambaye duka lake liko mjini, ndiye ananichukulia na kunirudishia. Huchagua kwa unene, anasema mtu mwenye kazi nzito apewe kitabu kizito.

Mke wa mwandishi

Mimi si mwandishi, ila naomba nichangie kwa sababu swali la "uliacha nini" hujibiwa na waandishi wenyewe, na wao hawaoni vyote walivyoacha.

Mume wangu ni dereva wa ofisi. Akirudi safari anaoga, anakula, anafungua daftari. Mwaka wa kwanza nilimwambia, "Baba Neema, umerudi lakini hujafika." Hakuelewa, akadhani nazungumzia safari. Tulikorofishana sana, na sitaeleza yote hapa.

Tulichokubaliana mwishowe ni kwamba aandike, lakini kila anachokiandika anisomee jioni nikiwa nachambua mlenda. Sikudai hivyo kwa kupenda riwaya. Nilitaka tu sauti yake iwe nyumbani. Siku moja akasoma kwamba mhusika wake alisonga ugali kwa mkono mmoja huku mwingine akiuweka kiunoni kwa maringo. Nikamuuliza, sufuria imeshikwa na nani? Ingezunguka na mwiko, na uji wa moto ungemrukia miguuni. Akafuta, kisha akanyamaza muda mrefu, akaniuliza mama yake alikuwa anaibana vipi sufuria. Nikamwonyesha. Tangu siku hiyo huniuliza mengi.

Mtoa mada, Nkuhungu

Nawashukuru wote. Nilichelewa kurudi kwa sababu mada hii niliianzisha mwanzoni mwa Aprili, na mnajua wenyewe niliyosema kuhusu Aprili.

Fundi, nimeijaribu njia yako ya neno la kwanza na la mwisho ndani ya daladala, nikiwa nimesimama, na kwangu imeshindikana: nilipofika nyumbani nilikuwa na maneno ishirini na mawili yasiyojuana. Barua ya mwalimu ndiyo iliyonifaa. Niliiandika usiku wa mwisho kabla ya Bunge kuanza, nikaisahau kabisa, na juzi Julai ilipoingia nikaikuta ndani ya kitabu ikiniambia kwamba binti bado amesimama kisimani, ndoo imejaa, na kijana hajasema kitu.

Jana saa mbili usiku niliketi. Nilimsomea mama watoto ukurasa ule wa "naomba uridhie", akacheka mpaka akaomba maji. Nikamuuliza, kijana wa kwetu angesemaje? Hakufikiri hata kidogo.

"Jumamosi mnadani Msalato, utakuja?"

Nimeiandika hivyo hivyo. Niko ukurasa wa 141.