Nguo za kuendeshea baiskeli Mombasa hadi Malindi wakati wa joto

Swali: Ndugu zangu, mwezi wa Februari ninakusudia kuendesha baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi, takriban kilomita 120. Juzi nilijaribu kwa fulana nzito ya pamba, na kabla sijafika Mtwapa ilikuwa imelowa chapachapa, imenigandia mgongoni na kunichubua makwapa. Naomba ushauri: nivae kitambaa gani, na mikono iwe mifupi au mirefu?

Jibu la kwanza: Pole sana, ndugu. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, ilhali poliesta nyepesi hulitandaza juu ya kitambaa ili upepo ulikaushe, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi na jasho hukauka polepole, tafuta jezi yenye vitundu ubavuni, zipu ndefu kifuani, na kitambaa kilichofumwa kwa kubanana mabegani, kwa maana vitundu hupitisha jua pia. Mimi huchagua mikono mirefu, myeupe na isiyobana.

Jibu la pili: Naongeza kuhusu kaptura ya baiskeli yenye pedi (sifongo ya kukalia), ambayo wengi huikosea. Huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi iliyolowa ndiyo inayochubua mapaja, na ifuliwe kila baada ya safari, la sivyo unaweza kutokwa na majipu.

Jibu la tatu: Kabla ya kununua mpya, pitia mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, jezi nzuri hupatikana, ila unyooshe mpira wa kiunoni uone kama bado unarudi.