Mrejesho: mbwa aliyekuwa akiwauma watoto visigino

Niliomba ushauri kuhusu mbwa wangu, Australian Cattle Dog, aliyekuwa akiwafukuza watoto na kuwauma visigino. Wapendwa, amebadilika sana! Kilichosaidia zaidi ni watoto kusimama tuli anapoanza. Mbwa hawa walizalishwa Australia karne ya 19 ili waswage ng'ombe kwa kuwauma miguu, kwa hiyo ukikimbia unamchochea. Akiacha, anapata punje za chakula chake, zinazotolewa kwenye kipimo cha siku ili asinenepe. Mabaki yenye vitunguu hapewi kabisa, ni sumu kwake. Na aliyenishauri nimfichie chakula kwenye nyasi akitafute kwa pua, Mungu akubariki, anatulia kuliko akikimbizwa. Bado anabwekea pikipiki. Hilo tunalifanyia kazi.