Naomba ushauri: kujiunga na kanisa jipya Muriet, Arusha

Bwana asifiwe wapendwa. Familia nne tumeombwa kuhudumu katika kanisa linaloanzishwa Muriet. Barua za kuhama kutoka kanisa mama tutachukua. Hilo halina shida.

Linalonisumbua ni kiwanja. Msajili wa Jumuiya hupokea maombi ya watu wasiopungua 10 wenye katiba, lakini usajili huo peke yake haulipatii kanisa uwezo wa kumiliki ardhi. Lazima Bodi ya Wadhamini, yaani wanaoshika mali kwa niaba ya kanisa, isajiliwe RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini). Hapa waanzilishi wanataka kununua sasa kwa jina la mchungaji, "tutabadilisha baadaye". Mchungaji akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi, na waumini waliochangia hawana karatasi yoyote mkononi. Mimi naona heri tukodi ukumbi, sadaka ya ujenzi ikae benki kwa watia saini watatu, mchungaji asiwe mmoja wao.

Waliopitia huku: je, inawezekana kununua chini ya wadhamini wa kanisa mama kwa makubaliano ya maandishi? Na mzee wa kanisa amwambieje mchungaji jambo hili bila kuonekana hamwamini? Tunampenda sana.