Gitaa la umeme na besi: kipi kimebaki mkononi mwako, na kwa nini? Tupeane uzoefu

VoliumuSaba

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni wetu sisi tunaopiga kwa mapenzi, ambao mchana tuna kazi nyingine na jioni ndipo tunachomeka waya. Siombi orodha ya vyombo mnavyoviota. Naomba kila mtu aseme amebaki na gitaa gani au besi gani, nyuzi za unene gani, amplifaya ya namna gani, na atoe sababu. Sababu ndiyo yenye faida kwa mwenzako. Ukisema "gitaa hili ni kali" sijapata kitu. Ukisema shingo yake nyembamba imekufaa kwa kuwa vidole vyako ni vifupi, hapo nimeondoka na elimu.

Naanza mimi. Napiga ridhimu kuliko solo, na gitaa langu ni la aina ya Telecaster ya Fender. Muundo wake ni ule ule wa mwanzoni mwa miaka ya 1950: bodi ya ubao mzima, pikapu mbili (vile vifaa vya sumaku na koili ya waya vinavyonasa mtikisiko wa nyuzi), swichi ya njia tatu, voliumu na toni, basi. Kinachonishika ni pikapu ya darajani, pale nyuzi zinapoishia kwenye bodi. Sauti yake inakata, na ukipiga kodi kila uzi unausikia peke yake. Nikiwa na kinanda na gitaa jingine pembeni, sina haja ya kupandisha sauti ili nisikike.

Kasoro yake ni mvumo, ule mlio unaotoka kwenye amplifaya hata usipopiga. Pikapu ya koili moja inanasa umeme wa nyumba nzima. Nilichojifunza ni kugeuka taratibu mbele ya amplifaya: kuna pembe ambayo mvumo unakaribia kupotea kabisa, na hapo ndipo ninaposimama. Mwenye gitaa la pikapu tatu ana nafuu, maana kwenye mengi ya siku hizi pikapu ya kati imesukwa kinyume na wenzake. Ukiweka swichi nafasi ya pili au ya nne, mvumo unakatika.

Karibuni.

HambakaTu

Mkuu, umeanza vizuri. Mimi kutafuta pembe kusingenifaa, kwa sababu napiga na distosheni (sauti ya kukwaruza), na distosheni inakuza kila kinachopita ndani yake, mvumo ukiwemo. Ndiyo maana niko na hambaka, yaani pikapu ya koili mbili. Kazi hiyo aliifanya Seth Lover pale Gibson mwaka 1955: koili mbili zinasukwa kinyume, na sumaku zake nazo zinaelekezwa kinyume. Mvumo unaoingia kwenye koili zote mbili unafutana, sauti ya nyuzi inajumlishana. Unapata sauti nene yenye nguvu, na unapoteza kiasi cha ule mkato wa juu alioutaja VoliumuSaba. Mimi ule mkato siuhitaji kwa muziki ninaoupiga.

Kuna jambo nataka kila mwenye hambaka alifanye kabla ya kufikiria kununua pikapu mpya: shika bisibisi. Pembeni mwa pikapu kuna skrubu mbili za kuipandisha na kuishusha. Watu wengi wanapokea gitaa na pikapu ya shingoni imepandishwa hadi karibu igusane na nyuzi, halafu wanalalamika kwamba sauti ni ya tope. Ishushe kidogo kidogo, bonyeza uzi kwenye freti (vile vyuma vilivyolala kwenye shingo) ya mwisho, piga, sikiliza. Upande wa nyuzi nene ushuke zaidi ya upande wa nyembamba. Tope linaondoka, na noti inaanza kuwa na mwanzo unaoeleweka. Hata wenye koili moja fanyeni hivyo: sumaku ikiwa karibu mno inauvuta uzi, na ukipiga noti za juu kwenye nyuzi nene unasikia kama gitaa halikutyuniwa, kumbe tyuni iko sawa.

Halafu urefu wa uzi, kutoka nati (kile kipande chenye mifereji mwanzoni mwa shingo) hadi darajani, hautajwi vya kutosha. Magitaa mengi ya Fender ni inchi 25.5, ya Gibson ni karibu 24.75. Kwa nyuzi zile zile na tyuni ile ile, kwenye urefu mfupi nyuzi zinalegea zaidi. Kwa mtu anayependa kuvuta uzi kama mimi, ni starehe.

KidoleChaShahada

Ngoja besi nayo isemewe.

Nina besi ya nyuzi nne, aina ya Precision. Fender waliitoa mwaka 1951, na ile pikapu iliyokatwa vipande viwili tunayoijua leo ilikuja 1957. Vipande vile viwili vinafanya kazi ya hambaka, kwa hiyo mvumo hakuna. Voliumu moja, toni moja. Toni yangu nimeifunga nusu na sijaigusa muda mrefu.

Uamuzi uliobadilisha kila kitu kwangu ni nyuzi za flati. Tofauti unaijua hata kabla ya kuwasha amplifaya. Raundi imezungushiwa waya wa mviringo, ukiburuza kidole kinakwaruza na kutoa mlio. Flati imezungushiwa utepe bapa, na kidole kinapita juu yake kama juu ya kioo. Noti inatoka na uzito mwanzoni, halafu inakufa mapema, na huko kufa mapema ndiko ninakokutaka. Ukipiga na mpiga dramu anayejua kazi, teke la dramu na noti yako vinakuwa kitu kimoja, na katikati kinabaki kimya. Kile kimya ndicho kinachomchezesha mtu. Noti za raundi zinazoendelea kulia zinakijaza.

James Jamerson, mpiga besi wa lebo ya Motown, alifanya kazi yake kubwa ya miaka ya 1960 kwa Precision Bass, nyuzi za flati, na kidole kimoja cha shahada. Nyuzi zake hakuwa akizibadilisha mpaka zikatike. Nami zangu naziacha. Flati mpya zinang'aa kidogo sikioni; zikizeeka ndipo zinakuwa tamu.

Anayetaka kuonja sauti hii bila kununua nyuzi akate kipande cha sponji, akisukume chini ya nyuzi karibu na daraja, kizibe kiasi tu. Si sawa kabisa na flati, ila utaelewa ninachosema. Na ukiamua kuzinunua, jua kwamba flati nyingi zimekaza kuliko raundi za unene huo huo, kwa hiyo shingo inaweza kupinda mbele. Nondo ya ndani ya shingo izungushwe robo mzunguko tu, kisha uiache besi itulie ndipo utazame tena. Ukiona inakataa kuzunguka, usiilazimishe.

NyuziMpya

Kaka KidoleChaShahada, nakuheshimu sana lakini hapa tunaachana njia. Kimya ninakijua pia, ila mimi nakitengeneza kwa mikono: mkono wa kushoto unanyanyuka kidogo, noti inakatika ninapotaka mimi. Flati inanikatia kabla sijaamua.

Nina Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, na raundi 45 hadi 105 (unene wa nyuzi kwa sehemu za elfu za inchi). Nataka lile guno la chuma la raundi mpya ambalo John Entwistle, mpiga besi wa The Who, alilifuatilia hadi akafanya kazi na watengeneza nyuzi Rotosound mwaka 1966 kupata nyuzi zinazolia hivyo. Kwa anayepiga kwa kidole gumba na kunyofoa, hakuna mjadala. Jazz ina pikapu mbili na voliumu mbili, na humo ndimo mna utajiri wake. Ukizifungua zote hadi mwisho, mvumo unafutana na sauti ya kati inanywea kidogo, nzuri kwa gumba. Ukiipunguza ya shingoni, ya darajani inatoka mbele, sauti inabweka, kila noti ya haraka inasikika. Ila hapo mvumo unarudi.

Nyuzi zinakufa kwa jasho na mafuta ya vidole. Nawa mikono kabla ya kupiga, na ukimaliza pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi. Ni hilo tu.

InchiThelathini

Mimi nina mikono midogo, na nimekaa muda mrefu nikiambiwa "utazoea". Wengine wanazoea, sikatai. Mimi kifundo cha mkono kilikuwa kinauma kila baada ya mazoezi, na mwalimu mmoja aliniambia maumivu ni sehemu ya besi. Si kweli, na ningependa dada yeyote anayeanza asikie hivyo mapema.

Besi ya kawaida ni inchi 34. Yangu ni 30. Pimeni wenyewe: kutoka freti ya kwanza hadi ya nne kwenye inchi 34 ni karibu sentimita 13; kwenye inchi 30 ni karibu 11 na nusu. Hiyo sentimita moja na nusu ndiyo iliyokuwa inanivunja mkono. Sasa kila kidole kina freti yake, napiga kipindi kizima cha mazoezi na kesho yake naandika bila maumivu.

Sauti je? Ni ya mviringo zaidi, na uzi wa E unalegea kama hukuchagua unene unaofaa, kwa hiyo mimi naongeza unene kidogo. Anayesema ni besi ya watoto akumbuke kwamba Höfner 500/1 ya Paul McCartney ni ya urefu huo. Jambo la kuangalia dukani: nunua nyuzi zilizotengenezwa kwa urefu mfupi. Ndefu ukizikata, sehemu nene inaweza kuangukia kwenye kigingi cha kutyuni, na haipendi kuzungushwa hapo.

NapigaUsiku

Nyumba ina watu wanaolala, kwa hiyo mimi ni wa spika za masikioni. Nina kifaa kidogo cha kidijitali kinachoiga amplifaya na pedali. Kwangu ni ukombozi, bila hicho nisingekuwa napiga kabisa, na sikubaliani na wanaosema bila valvu (mirija ya kioo ndani ya amplifaya) hakuna sauti.

Ila kuna kitu kimoja lazima mkijue nyie wa usiku. Sauti uliyoitengeneza kwa voliumu ndogo haisafiri. Sikio la binadamu likisikiliza kwa sauti ya chini linapunguza besi na ncha za juu, kwa hiyo wewe unaongeza chini, unaongeza juu, unapunguza kati, na gitaa linasikika kubwa na tamu. Unakwenda kwa wenzako, mnafungua sauti: besi yako inapigana na mpiga besi, ncha zako zinapigana na matoazi, na gitaa lenyewe halipo. Linaonekana mkononi tu. Gitaa linaishi kwenye sauti ya kati. Siku hizi nina mpangilio mmoja wa nyumbani na mwingine wa bendi, na huo wa bendi ukiusikiliza peke yake ni mkavu, una pua, haupendezi hata kidogo. Dramu ikiingia, unakaa mahali pake barabara.

VoliumuSaba

NapigaUsiku, hiyo ya sauti ya kati ichapishwe na kubandikwa ukutani. Dada InchiThelathini, asante kwa vipimo. Unene wa nyuzi za gitaa haujaguswa bado. Nani ana neno?

KumiHadi46

Jina langu limejibu. Zamani nilikuwa na 9 hadi 42, na nilikuwa nabonyeza kwa nguvu hadi noti zinapanda tyuni. Kwenye inchi 25.5, uzi wa kwanza wa 9 unavutwa na uzito wa karibu kilo 6. Wa 10 ni zaidi ya kilo 7. Mkono wangu mzito unahitaji ule upinzani. Mwenye mkono mwepesi abaki na 9 kwa amani.

Msidanganyike kwamba nene ndiyo ushujaa. Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa blues, alitumia uzi wa kwanza wa 13, lakini alishusha tyuni nusu toni. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili kiwandani, alitafuta nyuzi nyepesi kuliko zilizokuwa zikiuzwa, na hakuna anayesema sauti yake ni nyepesi.

BetriTisa

Nina besi ya nyuzi tano yenye saketi ya betri ya volti 9. Naipenda kwa sababu ya uzi wa B, ule mnene wa chini kabisa: kwenye saketi hii naweza kuongeza chini bila kuongeza tope. Betri inawaka pale unapochomeka waya, hata kama hupigi, kwa hiyo ukimaliza chomoa. Betri ikianza kuisha sauti inapasuka kidogo kwenye noti kali kabla haijazima. Ukiisikia hiyo, usisubiri wimbo unaofuata.

NdioNaanza

Samahani wakuu, nina swali. Nimepata besi ila nina amplifaya ya gitaa tu, ya wati 15 na spika ya inchi 8. Naweza kuitumia?

KidoleChaShahada

Kwa sauti ya chini, peke yako chumbani, tumia bila wasiwasi. Uzi wa E wa besi uko karibu hertz 41, nusu ya ule wa gitaa ulio karibu 82, na spika ya inchi 8 ya gitaa haifiki huko. Utakachosikia zaidi ni sauti za juu za noti, ubongo unajaza iliyobaki. Ukipandisha, koni inasukumwa kwenda na kurudi kuliko ilivyoundwa, na inaweza kuchanika. Punguza kitufe cha besi kwenye amplifaya, usiguse distosheni, na ukianza kusikia mlio wa kupapatika, shusha hapo hapo.

Na usikimbilie wati 30 ukidhani utapata sauti maradufu. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, tofauti ambayo utaisikia lakini haitakutosha mbele ya dramu. Kwa besi tafuta spika kubwa na wati nyingi zaidi, hasa zile amplifaya za siku hizi za daraja D (aina ya saketi isiyopoteza umeme mwingi kwa joto) ambazo ni nyepesi kubeba. Una besi ya urefu gani, na nyuzi zilizopo ni raundi au flati?

NdioNaanza

Inchi 34, raundi, zina kutu kidogo kwenye G. Sponji ninayo.