Namna ya kutambua nakala bandia za jeni ya PCNA

Mwanafunzi, Bukavu
Ndugu zangu, salamu kutoka Bukavu. Kazi yangu ya mwisho wa masomo inahusu jeni ya PCNA, ambayo protini yake yenye umbo la pete huishikilia polimerasi delta (kimeng'enya kinachojenga DNA mpya) kwenye uzi wa DNA wakati DNA inaponakiliwa. Nilipotafuta mfuatano wa mRNA yake (nakala ya RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) katika jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, mbali na kromosomu ya 20 zilijitokeza sehemu nyingine kwenye kromosomu ya 4 na ya X. Nitazitambuaje nakala bandia, yaani mifuatano inayofanana na jeni lakini iliyoharibika, kwa uhakika?

Mwalimu, Lubumbashi
Ndugu mwanafunzi, jeni halisi ni ile ya kromosomu ya 20. Tazama jinsi mfuatano wako unavyolala juu yake: umekatika vipande vipande kwa sababu introni (vipande vinavyoondolewa mRNA inapotengenezwa) zimekaa kati ya eksoni (vipande vinavyobaki), ilhali kwenye nakala iliyotokana na mRNA vipande hivyo vimeungana moja kwa moja. Nakala za namna hii huzaliwa pale kimeng'enya cha LINE-1 (kipande cha DNA kinachojinakili na kujipachika kwingine katika jenomu) kinapoigeuza mRNA kuwa DNA na kuipachika mahali pengine bila promota yake (sehemu inayoiwasha jeni), na mara nyingi huacha mkia wa herufi A. Kisha isome kodoni kwa kodoni, yaani herufi tatu tatu, ukiilinganisha na asidi amino 261 za protini. Kodoni ya kukomesha iliyokuja mapema, au herufi moja iliyodondoka na kuvuruga usomaji wote unaofuata, ni ushahidi mzito. Asilimia ya kufanana peke yake isikutoshe, kwani nakala changa hufanana mno na jeni iliyoizaa.

Fundi wa maabara, Goma
Naomba kuongeza la maabara, maana hapo ndipo wengi hupotea. Tunafundishwa kuweka praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili kwenye kipimo) juu ya kiungo cha eksoni mbili ili DNA ya jenomu isiingilie kipimo cha RNA. Hapa kinga hiyo haifai, kwa kuwa kiungo kilekile kimo ndani ya nakala bandia, na kipande kitakachoonekana kwenye jeli kitakuwa na urefu uleule. Safisha RNA kwa DNase (kimeng'enya kinachovunja DNA), weka tyubu ya ulinganisho isiyo na kimeng'enya cha kugeuza RNA, na ncha ya 3′ ya praima ikae pale herufi zinapotofautiana.

Mwanafunzi, Bukavu
Asanteni sana. Je, niandike kwamba nakala hizo hazina kazi yoyote?

Mwalimu, Lubumbashi
Hapana, andika tu kwamba hazina uwezo wa kutoa protini kamili, kama usomaji wako umethibitisha hivyo. Kwa mfano, nakala bandia ya jeni nyingine, PTEN (inayozuia saratani), haitoi protini, lakini RNA yake hunasa mikroRNA (RNA fupi zinazozuia jeni kutoa protini) ambazo zingeikandamiza PTEN yenyewe.