Je, mgawo wa nafasi za sekondari ulivunja matabaka?

Mwanzisha mada: Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ya Tanzania ilitaifisha shule za mashirika ya dini, ikafuta karo ya shule za msingi mwaka 1973, na ikagawa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa ili mtoto wa mkulima wa Shinyanga asiachwe nyuma. Kwa maoni yangu alisogezwa hadi darasa la saba, kisha akaachwa mlangoni, kwa kuwa sekondari zilibaki chache mno; tena alifundishwa na walimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote) waliokuwa wamemaliza darasa hilohilo jana tu.

Binti Mwalimu: Ndugu, hiyo "jana tu" imenigusa pabaya. Mama yangu alikuwa mwalimu wa UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto awe darasani ifikapo Novemba 1977, vyuo havikuwa na walimu wa kutosha, kwa hiyo alifundisha mchana na usiku akajisomea kwa masomo ya posta na ya redio. Bila yeye, huyo mtoto wako wa Shinyanga asingelifikia hilo darasa la saba.

Mkaa Mlimani: Mama anastahili heshima, lakini waliolipia usawa huo ni sisi wa Kilimanjaro. Kaka yangu alikosa nafasi, huku wa mikoa mingine wakiingia kwa alama za chini kuliko zake. Wazee wetu wakalazimika kuuza kahawa na kujijengea sekondari.

Msukuma Halisi: Mzee wangu, umejijibu. Wamisionari waliwajengea ninyi mapema, na mwenye kahawa ndiye aliyeweza kujijengea tena hata baada ya mgawo. Kwetu sisi, mgawo ndio uliokuwa misheni.

Mkaa Mlimani: Kahawa haijipalilii yenyewe, bwana.

Mwanzisha mada: Mnagombania mikoa, nami niliuliza matabaka. Mgawo ulihesabu mikoa, haukuuliza baba wa mtoto anafanya kazi gani. Kwa hiyo hata ndani ya Shinyanga, mtoto wa bwana shamba, aliyesoma kwa taa ya chemli na mwenye baba wa kumsahihisha hesabu, alimtangulia yule aliyetoka kuchuma pamba.

Binti Mwalimu: Hilo nakubali. Sasa futa "jana tu".